Mdogo wangu wa Ikungi, nenda ukasome amani

Mdogo wangu wa Ikungi, barua yako nimeisoma na kuirudia. Shahada umemaliza, jioni unafundisha watoto madrasa, na sasa moyo unakutuma nje ukasomee ujenzi wa amani kati ya watu wa dini mbalimbali. Baba ana maswali mawili: utarudi ukiwa Mwislamu? Na amani ya kwenda kuisomea ni ipi, mbona Singida tunayo?

Nianze na hilo la pili. Baba hajakosea. Kwetu mama anaweza kuwa Mlutheri wa KKKT, mjomba akawa shehe, na siku ya harusi wote wakala sinia moja. Akija mgeni, kuku wa kienyeji anakamatwa, na hata katika nyumba ya Wakristo ataitwa kijana wa Kiislamu achinje ili pasiwe na wa kurudi na njaa. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Lakini Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, swali hilohilo la nani achinje lilizua vurugu na mchungaji mmoja akauawa. Nao walikuwa majirani, kama sisi. Mazoea yanatuvusha siku za kawaida. Siku mtu atakapoyakataa kwa hasira, anahitajika anayejua azungumze na nani kwanza, awakutanishe wapi, na anyamaze lini. Hiyo ni kazi, mdogo wangu, na kazi hufundishwa.

Sasa la imani. Mweleze baba habari za Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir, kaskazini mwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wasomali ziliuana huko. Dekha na wanawake wenzake hawakusubiri serikali. Walianzia sokoni, wakihakikisha mwanamke wa ukoo wowote anauza na kununua bila kufukuzwa. Kutoka hapo wakawaendea wazee, kisha vijana wenye bunduki. Na Wakristo wachache wa mji ule walipoandamwa, wanawake wa Kiislamu walisimama upande wao. Baadaye Dekha aliandika pamoja na wenzake wa nchi nyingine kitabu cha mbinu za kazi hii, Working with Conflict, kilichotoka mwaka 2000, na mwaka 2007 akapewa tuzo ya Right Livelihood kule Sweden. Alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya gari. Safari zote hizo hazikumtoa katika imani yake. Uislamu wake ndio aliousimamia alipokaa na watu wa dini nyingine. Meza ya mazungumzo ya dini inahitaji mtu anayeijua dini yake. Asiye na msimamo atazungumza nini pale?

Kuhusu mahali, wengi wanaota Marekani, na ni kweli kuna chuo cha Hartford, Connecticut, chenye historia ndefu ya kusomesha Waislamu na Wakristo pamoja, na kuna chuo kikuu cha Eastern Mennonite, Virginia, ambacho kimekuwa na kozi fupi za ujenzi wa amani tangu 1994. Omba huko ukipenda. Ila mimi ningekutuma Kampala kwanza. Chuo Kikuu cha Makerere kina kituo cha amani cha shirika la Rotary, na ufadhili wake hulipa ada, malazi na nauli. Halafu Uganda yenyewe ni darasa. Kule Gulu, wakati wa vita vya waasi wa Kony, maaskofu na mashehe wa eneo la Acholi waliunda umoja wao, na mwaka 2003 Askofu Mkuu Odama wa huko na wenzake walilala nje usiku pamoja na watoto waliokuwa wakikimbilia mjini kuogopa kutekwa. Nchi nzima ikalazimika kuwatazama watoto wale. Hapo ndipo utaelewa kwamba kutotumia nguvu si kukaa kimya.

Mambo ya makaratasi usiyadharau. Hakikisha jina la kitambulisho cha NIDA, la cheti cha kuzaliwa na la vyeti vya shule ni moja, herufi kwa herufi. Hilo limekwamisha pasipoti za watu wengi. Mtu akikuambia umtumie pesa kwa simu ili akuhakikishie nafasi, huyo ni mwizi, hata kama mnasali msikiti mmoja. Rotary wanataka shahada, Kiingereza cha kutosha na miaka kadhaa ya kazi, kwa hiyo ukikosa mwaka huu usilie. Tumia muda huo kuhudhuria vikao vya kata pale mfugaji na mkulima wanapogombea shamba la alizeti lililoliwa. Jitolee kuandika muhtasari. Utaona jinsi kikao kinavyoharibika na nani hukiokoa, na siku ya usaili utakuwa na la kusema.

Kabla hujajaza fomu yoyote, nenda kwa shehe wa wilaya, kisha kwa mchungaji wa jirani, uombe kila mmoja akuandikie barua ya utambulisho. Mchukue na baba muende pamoja. Maswali yake awaulize wao, kwa sauti yake, nawe ukae pembeni usikilize.