Kioo cha Mlango wa Jiko Kikipata Ufa: Vidokezo 8

Kwetu hata mtoto anakatazwa: usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, huenda usiamke. Huku Uingereza wapo wenzetu wanaolala huku jiko la makaa ya mawe likiwaka sebuleni hadi asubuhi. Kinachowatenga na hewa ileile yenye sumu ni bomba la moshi linalovuta vizuri na mlango wa chuma wenye kioo cha milimita 4 au 5. Kioo hicho kikipata ufa, fanya hivi.

1. Acha moto ufe. Usiongeze makaa. Funga tundu la hewa la chini, lakini bomba la moshi liache wazi. Maji usimwage: mvuke utakuunguza na chuma kinaweza kupasuka. Makaa ya mawe huchukua saa nyingi kupoa, kwa hiyo fungua madirisha. Mtu akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje wote na mpige 999.

2. Ufa huu hauzibwi. Tumezoea kuambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa, gundi na silikoni zitaungua na kioo kitaachia siku moto umekolea. Ufa pia huingiza hewa usiyoweza kuipunguza, na jiko huwaka kupita kiasi. Dawa ni kubadilisha kioo.

3. Tafuta kilichokipasua. Mara nyingi si joto. Kioo cha jiko ni cha kauri, na kikipata moto karibu hakitanuki kabisa. Ukoo wake ulianza mwaka 1953 katika kampuni ya Corning, Marekani: tanuri la mtafiti S. Donald Stookey lilipitiliza joto, kipande cha kioo kikageuka cheupe, kikamponyoka, kikaanguka bila kuvunjika. Kinachokiumiza ni kugongwa na kubanwa. Changu kilipasuka nilipofunga mlango huku bonge la makaa limejitokeza mbele. Nilisikia "ta!" moja tu, nikaona mstari mwembamba kama unywele kutoka pembeni hadi katikati.

4. Usiweke kioo cha dirisha. Kitapasuka, hata kile kilichoimarishwa cha milango ya bafu. Dukani sema wazi: kioo cha kauri cha jiko, kama Robax au Neoceram.

5. Pima fremu, si kioo peke yake. Chuma hutanuka kikipata moto, kwa hiyo acha nafasi ya milimita 2 au 3 kila upande. Kama juu kimepinda kama tao, kata kielelezo cha boksi, ukijaribishe mlangoni, kisha umpelekee mkata vioo.

6. Skrubu zibembeleze. Jiko likiwa limepoa kabisa, ng'oa mlango, ulaze juu ya blanketi kuukuu, tia mafuta ya kulegeza kutu na uyaache usiku kucha. Asubuhi vaa glavu, zungusha bisibisi mbele kidogo na nyuma kidogo. Ikikataa, mwite fundi. Kichwa cha skrubu kikikatika, kazi inakuwa ya kutoboa chuma.

7. Badilisha gasketi pia. Ile kamba au utepe wa nyuzi unaozunguka kioo ndio godoro lake. Kioo kisiguse chuma tupu popote. Kaza skrubu kwa vidole kwanza, kisha kwa bisibisi kwa kupishana kona, kidogo kidogo. Ikishashika, acha. Kukaza sana kumevunja vioo vingi vipya.

8. Weka king'ora, kisha jaribu kwa udi. Kaboni monoksidi, ile hewa yenye sumu, haionekani wala hainuki, kwa hiyo pua haisaidii. Tangu Oktoba 2015 mwenye nyumba za kupangisha England anatakiwa kuweka king'ora chake katika chumba chenye jiko la aina hii. Kama hakipo, mdai. Kisha washa moto mdogo, upitishe kijiti cha udi ukingoni mwa kioo, taratibu, pande zote nne. Moshi ukivutwa ndani, gasketi haijakaa: zima, urudie namba 7. Ukipanda wima mpaka juu, hapo ongeza makaa. Usiku huo watoto walale na joto, na jiko libaki upande wake wa kioo.