SOMO: MSEMAJI HUENDELEA KUJIFUNZA

Kusoma: Matendo 18:24-28, Kutoka 4:10-16



Wengi wetu tukiisha kupewa ruhusa ya kusimama mbele ya watu, tunadhani tumemaliza kujifunza. Tumwangalie Apolo wa Aleksandria. Alijua kusema, na Maandiko aliyajua sana. Hata hivyo Priskila na Akila, mafundi wa kushona hema, walipomsikia Efeso waliona kuna jambo linalopungua. Hawakumwaibisha katika sinagogi. Walimchukua kwao wakamweleza. Halafu akaenda Akaya, akawasaidia sana waamini wa huko.

Sisi wa Minembwe tunahitaji moyo huo. Neno likisemwa hapa linafika kwa Mnyamulenge, Mbembe, Mfuliru na Mnyindu. Vita vya 2019 vilichoma vijiji vingi, na watu wengi wakakimbilia hapa. Kwa hiyo neno moja baya linaweza kuamsha chuki. Tulimsikia mwenzetu mmoja kwenye matanga akisema "watu wale". Hakutaja kabila, lakini wengi walijiona wametajwa. Ni mzee mmoja tu aliyemwonya, tena faraghani. Alikasirika siku mbili. Ya tatu akaenda kuomba msamaha.

Basi tushike haya:

1. Tafuta msikilizaji mmoja mkweli. Usimwulize kama ulisema vizuri. Mwulize, "Umeshika nini?"

2. Kabla ya siku yenyewe, sema somo lako kwa sauti, njiani au shambani. Pale ulimi unapokwama, badilisha maneno.

3. Ukiwa na mkalimani, onana naye mbele ya ibada. Mpe sentensi fupi iliyokamilika. Mithali ya lugha yako mfafanulie kwanza, asije akaigeuza kuwa tusi.

4. Jua mwisho wa maneno yako kabla ya kuanza. Ukiufikia, keti. Aliyefiwa amechoka, dakika 15 zinamtosha.

5. Sikiliza wazee wanapopatanisha watu. Angalia wanaanzia wapi, na ni neno gani wanaliacha.

Na wewe mwenye ulimi mzito, usikate tamaa. Musa naye alilalamika hivyo, akapewa Haruni awe msaada wake.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

- Ni nani anayeweza kukuambia kosa lako nawe ukamsikiliza?
- Kuna neno ulilolisema hadharani ambalo bado hujalitengeneza?

Bwana awabariki.