SOMO: Jinsi Mwanga Unavyotambua Madini ya Tope



Kila baada ya masika, mifereji na malambo mengi hujaa tope. Wakulima wa bondeni huwalaumu wa mlimani, na wa mlimani hujibu kwamba tope hilo limetoka katika kingo za mto zilizobomoka huko huko chini. Mara nyingi mkutano huvunjika bila uamuzi, na fedha za kuzibua mfereji hutumika tena mwaka ufuatao. Somo hili laeleza njia moja ambayo wataalamu huitumia kuliuliza tope lenyewe lilikotoka, yaani njia ya kupima mwanga unaorudishwa na udongo.

1. Maana ya maneno

Mashapo ni mchanga, tope na vumbi vilivyochukuliwa na maji au upepo na kutua mahali pengine. Uakisi ni sehemu ya mwanga ambayo kitu hukirudisha baada ya kumulikwa. Kitu kikirudisha mwanga wote, uakisi wake ni 100 katika 100. Kikiumeza wote, uakisi wake ni sifuri.

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi, kama tuonavyo katika upinde wa mvua. Kila rangi ina urefu wake wa wimbi, nao hupimwa kwa nanomita. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni moja. Jicho la binadamu huona mwanga wa nanomita 400 hadi 700 hivi, kuanzia zambarau hadi nyekundu. Baada ya nyekundu upo mwanga mwingine usioonekana, uitwao infraredi. Chombo kiitwacho spektromita huweza kuupima huo pia, hadi nanomita 2500.

2. Kila madini na alama yake

Udongo mwekundu ni mwekundu kwa sababu ya hematiti, ambayo ni chuma kilichoungana na oksijeni, jamaa ya kutu. Hematiti huumeza mwanga wa buluu na kijani na kuurudisha mwekundu. Yatosha sehemu moja tu katika mia ya udongo kuwa hematiti ili udongo wote uonekane mwekundu. Udongo wa manjano au hudhurungi una gethiti, ambayo pia ni ya chuma lakini hupenda mahali penye unyevu zaidi. Mahali panapotuama maji kwa muda mrefu, chuma huyeyuka na kuondoka, na udongo hubaki wa kijivu.

Udongo wa mfinyanzi nao hutambulikana katika infraredi. Kaolini, ambayo ni nyingi katika udongo wa milimani ulionyeshewa mvua kwa karne nyingi, humeza mwanga karibu na nanomita 2200, na alama yake huwa na pembe mbili zilizo karibu. Mfinyanzi wa mbugani, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, una smektaiti. Hiyo huonyesha alama moja tu hapo 2200, na alama kubwa ya maji karibu na 1900. Chokaa huonyesha alama yake karibu na 2340.

Hapa pana jambo moja la kukumbuka: weusi wa udongo si ushahidi wa rutuba. Mboji huutia udongo weusi, ni kweli, lakini udongo wa mbuga huweza kuwa mweusi sana ingawa mboji yake ni kidogo.

3. Elimu hii imetoka wapi

Wakulima wa Usukuma walikuwa na majina ya aina za udongo, kama luseni na mbuga, kabla ya wapimaji kufika. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alieleza kwamba katika Afrika Mashariki udongo hujipanga kwa utaratibu ule ule kutoka kilimani hadi bondeni: mwekundu juu, wa manjano au kijivu katikati, mweusi chini. Utaratibu huo aliuita katena. Kwa kuwa kila ngazi ya katena ina madini yake, tope linaloshuka hubeba alama za ngazi lilikotoka.

Wachunguzi wa bahari nao walitumia njia hii. Mwaka 1991, katika meli iliyochimba sakafu ya Pasifiki ya mashariki, walipima mwanga uliorudishwa na mashapo ili kukadiria kiasi cha chokaa, bila kuharibu sampuli hata moja.

Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha misitu kilichoko Nairobi, walichapisha kazi yao juu ya sampuli zaidi ya 1000 za udongo wa Afrika ya mashariki na kusini. Kila sampuli ilipimwa kwa mwanga wa nanomita 350 hadi 2500. Kwa hiyo ikapatikana maktaba ya vipimo, ambamo udongo mpya huweza kulinganishwa na ule uliokwisha julikana. Kituo hicho kilichunguza pia mmomonyoko katika bonde la mto Nyando, Kenya, ambao hubeba tope kupitia tambarare za Kano hadi Ziwa Victoria.

4. Kutafuta asili ya tope

Kazi huenda kwa hatua nne. Kwanza, chukueni udongo wa juu kutoka kila mahali panaposhukiwa: mashamba ya mlimani, malisho, barabara, kingo za mto. Pili, chukueni tope jipya lililotua katika mfereji. Tatu, sampuli zote zikaushwe na kuchekechwa kwa ungo wa namna moja. Maji hutangulia na chembe laini na kuziacha nzito nyuma, kwa hiyo si haki kulinganisha tope laini na udongo wenye changarawe. Nne, zipimwe kwa spektromita, ambayo kwanza huonyeshwa kibao cheupe ili ijue mwanga wote ni kiasi gani.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme hematiti katika udongo wa mlimani ni sehemu 4 katika mia, katika kingo za mto ni sehemu 1, na katika tope la mfereji ni sehemu 1.9. Toa 1 katika 1.9, utapata 0.9. Toa 1 katika 4, utapata 3. Gawanya 0.9 kwa 3, utapata 0.3. Maana yake ni kwamba sehemu 30 katika mia za tope zimetoka mlimani na 70 zimetoka kingoni. Katika hali hiyo, chama kikitumia fedha zote kuchimba matuta mlimani na kuacha kingo bila miti wala majani, mfereji utajaa tena.

Ikumbukwe kwamba hesabu hii hufanywa kwa kiasi cha madini, wala si kwa uakisi wenyewe. Kiasi kidogo cha vumbi jeusi hulitia giza tope jeupe kupita fungu lake, kwa hiyo uakisi haugawanyiki sawasawa. Tena, vyanzo vikiwa vitatu au zaidi, alama moja ya hematiti haitoshi. Hapana budi kutumia alama nyingine pamoja nayo.

5. Mipaka ya njia hii

Njia ya mwanga ni ya haraka na haihitaji dawa za maabara. Lakini chombo chenyewe hakijui kitu pasipo maktaba ya udongo uliopimwa kwa njia ya kawaida, tena udongo unaofanana na wenu. Hukadiria vizuri mfinyanzi, mboji na madini ya chuma. Fosfati iliyo tayari kutumiwa na mmea haina alama yake ya wazi, na makadirio yake huwa dhaifu. Kwa hiyo, akija mtu na kichombo cha mkononi akidai kwamba kwa kumulika udongo mara moja atawaambia mnunue mifuko mingapi ya mbolea ya fosfati, Katibu na amwulize: maktaba yako imetoka wapi, na vipimo vyako vililinganishwa na maabara gani? Fedha za wanachama zisitoke kabla ya jibu.

6. Wajibu wa Katibu

Sampuli mbaya hutoa jibu baya, hata chombo kiwe bora namna gani. Katika kila eneo chukua udongo mahali kumi au zaidi, kwa kina kimoja, uuchanganye, kisha utoe kiasi cha kilo moja. Anika kivulini, kwani udongo mbichi huwa na giza na maji yake hufunika alama za madini. Usitumie mfuko uliobeba mbolea au chokaa. Andika ndani na nje ya mfuko: mahali, kina, tarehe na jina la aliyechukua. Jambo kubwa zaidi ni hili: wakulima wa mlimani na wa bondeni washuhudie pamoja uchukuaji huo, ili matokeo yakirudi asiwepo wa kuyakataa.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa chama

(a) Katika eneo letu, udongo hubadilika vipi kutoka kilimani hadi bondeni?
(b) Ni mahali gani panaposhukiwa kuwa chanzo cha tope, na kwa ushahidi gani?
(c) Hematiti ya mlimani ikiwa 5, ya kingoni 1 na ya tope 4, je, ni fungu gani limetoka mlimani? (Jibu: sehemu 75 katika mia.)
(d) Kwa jibu hilo, kazi ya kwanza ya chama ifanyike wapi, na nani ashiriki?