Kupenda Khabari za Siri: Asili Yake, Madhara Yake na Dawa Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Shukrani zote ni zake, Mjuzi wa yaliyo wazi na yaliyofichika; na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, hapana mji katika pwani yetu usiokuwa na baraza, wala hapana baraza isiyopitiwa na khabari ambayo hapana aijuaye asili yake. Mtu huketi baada ya Isha, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Haya yasitoke hapa." Na asubuhi mji mzima wayajua. Mkiambiwa kwamba bei ya nazi imeshuka, nusu yenu watapiga miayo; lakini mkiambiwa kwamba pana jambo lafichwa na wakubwa, hata aliyesinzia ataamka na kuomba arudiliwe tangu mwanzo. Basi katika somo hili twataka kutazama kwa nini nafsi huvutwa namna hii, ni wapi ipotezwapo, na dini yetu yatuamrisha nini.

Asili ya kwanza: hamu ya kujua

Mwenyezi Mungu amemuumba mtu na hamu ya kujua, na hamu hii yenyewe si aibu. Kwa hamu hiyo nahodha alizijua nyota na tabibu akaijua mizizi. Lakini ilimu ina mlango wake na ufunguo wake, na hamu isiyokuwa na subira hupandia dirishani.

Tazameni Sura ya Al-Kahf, aya ya 22, katika kisa cha vijana waliolala pangoni. Watu walibishana juu ya hesabu yao: hawa wakasema ni watatu na wa nne ni mbwa wao, hawa wakasema ni watano na wa sita ni mbwa wao, na wengine wakasema ni saba na wa nane ni mbwa wao. Qur'ani yaeleza kwamba maneno ya namna hii ni kuvurumisha katika ghaibu, kama mtu atupaye mawe gizani asijue alengalo. Kisha Mtume (s.a.w.) aliamrishwa aseme kwamba Mola wake ndiye ajuaye zaidi hesabu yao, na asibishane katika hayo illa kwa lililo dhahiri, wala asimuulize yeyote katika wabishani. Basi fahamuni adabu iliyomo humu. Imani ya vijana wale ilielezwa, na subira yao ikaelezwa, kwani humo mna faida. Ama hesabu, haikutangazwa. Lau kisa hiki kingaletwa barazani petu bila ya aya hiyo, tungaliiacha imani tukashika kugombania hesabu, na baada ya hesabu, rangi ya mbwa.

Asili ya pili: khofu itafutayo sababu kubwa

Nafsi haipendi kuona jambo kubwa likawa na sababu ndogo, au mambo mawili yakakutana pasipo moja kuwa sababu ya mwenziwe. Katika mwaka wa 10 wa Hijra, Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.) aliyezaliwa na Bibi Maria, alikufa angali mtoto mchanga. Siku hiyo hiyo jua lilipatwa. Na wenye ilimu ya nyota, kwa kupiga hesabu, wamelipata kupatwa kulikoonekana Madina tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema kwamba jua limepatwa kwa kufa kwake Ibrahim.

Wala uvumi huu haukuwa wa matusi. Ulikuwa wa kumtukuza. Lau Mtume angalikuwa mtu wa kutafuta cheo, kunyamaza tu kungalimtosha, na khabari hiyo ingalienea Bara Arabu yote. Lakini yeye, na hali msiba umo moyoni mwake na macho yake yametoka kumlilia mwanawe, alisimama akawafundisha watu kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na wazionapo hivyo wasali na waombe. Basi twajifunza hapa kwamba uwongo haukubaliwi hata ukija kwa faida yetu, na kwamba khofu ina mahali pake, nako ni msikitini.

Asili ya tatu: ladha ya kuwa mjuzi

Ilimu hupatikana kwa miaka, kwa kukaa mbele ya sheikh, kwa usingizi kuachwa na mafuta ya taa kumalizika. Lakini siri humpa mtu cheo kwa usiku mmoja. Jana hakuna aliyemsikiliza. Leo yeye "ajua", na wengine wote, hata wanazuoni, "wamelala". Ladha hii ni tamu kuliko halua, na wengi wameonjeshwa wasiweze kuiacha.

Mfano ulio karibu nasi ni barua iliyoitwa Barua ya Makka. Ndani yake yasemwa kwamba Sheikh Ahmad, mtunzaji wa kaburi la Mtume huko Madina, ameota amemwona Mtume akimwambia kwamba watu wameasi na Kiama ki karibu. Na kwamba mwenye kuinakili na kuieneza atapata kheri, na mwenye kuificha au kuikadhibisha atapata msiba. Katika mwaka 1908 barua hii ilienea Lindi na miji mingine ya Tanganyika, ikasomwa misikitini, na watu wakaingiwa na khofu kubwa. Lakini ilikuwa imekwisha onekana huko Jawa tangu miaka ya 1880, na jina ni lile lile la Sheikh Ahmad. Sayyid Rashid Ridha aliikanusha katika jarida lake la Al-Manar mjini Cairo, na Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Arabia akaikanusha baadaye. Na hata leo watu wapelekeana katika simu zao. Sheikh huyu, basi, amekuwa akiota ndoto moja zaidi ya miaka mia na thalathini, wala hazeeki wala hafi! Mwenye kuipeleka hajiulizi hayo, kwani kwa kuipeleka tu amekwisha kuwa miongoni mwa waonyaji.

Na tukumbuke Sura ya Saba, aya ya 14. Nabii Suleiman (a.s.) alikufa hali ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi nzito wasijue, hata mdudu wa ardhi alipoila fimbo akaanguka. Ndipo ilipodhihiri kwamba lau wangalijua ghaibu, wasingalikaa katika adhabu ile. Ikiwa majini hawakujua kwamba bwana aliye mbele ya macho yao ni maiti, je, mpiga ramli wa mtaa wa pili ajua nini?

Asili ya nne: dhulma isiyokuwa na mahali pa kushitakiwa

Hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, wala hatufai kuicheka. Mumiani, kwa asili yake, ni kitu cheusi mfano wa lami kitokacho majabalini huko Uajemi, na watu wakikitumia kuwa dawa. Lakini katika pwani yetu wengi waliamini kwamba ni damu ya watu waliouawa kwa ajili hiyo. Hata Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1939 yaeleza kwamba khabari ya kutafutwa mumiani ikivuma, watu wa mji hujawa na khofu, na ni wachache watokao majumbani baada ya jua kuchwa. Na huko Nairobi na Kampala ilisemwa kwamba wenye kunyonya damu ni watu wa zimamoto.

Basi maneno haya yalikuwa uwongo, lakini huzuni iliyoyazaa ilikuwa kweli. Watu waliona ardhi yao yatwaliwa, kodi yachukuliwa, na nguvu za vijana wao zaliwa na kazi za watu wengine. Wala hapakuwa na kadhi wa kumshitaki mwenye dola. Mtu asiyeweza kusema, "Nimedhulumiwa," akasema, "Nanyonywa damu." Lakini ubaya wa uzushi ni huu: humwacha dhalimu wa kweli na daftari yake ya kodi, ukamwendea mzima moto na ndoo yake ya maji.

Huenda mtu akauliza: "Je, njama hazipo?" Zipo. Ndugu zake Yusuf (a.s.) walikula njama, na Makureshi walikula njama Dar an-Nadwa ya kumuua Mtume. Na katika mwezi wa Mei 1916 Uingereza na Ufaransa zilipatana kwa siri kugawana nchi za Waarabu zilizokuwa chini ya Dola ya Uthmaniya, na hali Waingereza wamekwisha kumwandikia Sharifu Hussein wa Makka ahadi ya dola ya Waarabu. Lakini tazameni ilivyojulikana. Haikujulikana kwa ndoto wala kwa mnong'ono. Katika Novemba 1917 Wabolsheviki walioitwaa serikali ya Urusi walizitoa hati zenyewe, zikapigwa chapa katika magazeti. Njama ya kweli ina majina, tarehe, hati na mashahidi. Ama khabari ambayo kila ukiitaka dalili huambiwa, "Kukosekana kwa dalili ndiyo dalili kwamba imefichwa," hiyo haina mwisho, wala mwenyewe hana njia ya kurudi.

Wala maradhi haya si ya wanyonge tu. Ile barua ya mwaka 1908 ilipowafikia Wadachi, walikuwa wametoka juzi katika vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907, na khofu haijawatoka. Hawakuona karatasi ya mtu mwongo. Waliona njama kubwa ya Waislamu ya kuwaondoa katika nchi, wakaingia kuchunguza na kushuku walimu. Na njama hiyo hawakuipata. Raia aliogopa Kiama, na mtawala akamwogopa raia, na wote wawili kwa karatasi moja.

Madhara yake

Labda mtu atasema, "Haya ni mazungumzo tu, yamdhuru nani?" Ajue kwamba uvumi una miguu, na siku moja husimama mlangoni pa mtu asiyekuwa na kosa. Katika mwaka 1995, khofu ya jini aliyeitwa Popobawa ilipoenea Pemba na Unguja, watu waliacha vyumba vyao wakakesha nje penye moto. Na huko Unguja kundi la watu lilimshika mtu mmoja mgonjwa wa akili, wakamdhania kuwa ndiye, wakamuua. Jini hakupatikana, maiti ya mwana wa Adamu ilipatikana. Na kila aliyeipeleka khabari ile kutoka baraza moja hata nyingine, akaiongeza neno lake moja, naye ajitazame mkono wake.

Na hata watu wema huingia humo. Alipozuliwa Bibi Aisha (r.a.), uvumi ulizunguka Madina karibu ya mwezi mzima, na miongoni mwa walioupokea alikuwamo Mistah, mtu aliyepigana Badri. Kisha ikateremka Sura ya An-Nur kumtakasa, na katika aya ya 15 waumini wakalaumiwa kwa kupokezana kwa ndimi zao lile wasilokuwa na ujuzi nalo, wakilidhania jepesi, nalo kwa Mwenyezi Mungu ni zito.

Dawa yake

Basi khabari ya siri ikikujia, ndugu yangu, jiulize mambo manne kabla ya kufungua kinywa.

La kwanza: ni nani aliyeiona kwa macho yake? Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha tuhakikishe khabari ya fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, tukaamkia majuto. Na kuhakikisha ni kwa pande zote: neno la mtawala na la gazeti hupimwa, na neno la baraza hupimwa kwa mizani ile ile. Anayelikataa kila neno la wakubwa kisha akaliamini kila neno la mnong'onezi, huyo hakuwa mchunguzi. Amebadilisha bwana tu.

La pili: je, ningaliiamini lau ingalimhusu nimpendaye? Abu Ayyub al-Ansari alimuuliza mkewe, alipousikia uzushi wa Bibi Aisha, kama yeye angaliweza kutenda jambo lile. Akajibu la. Akamwambia kwamba Aisha ni bora kuliko yeye. Khabari ikaishia nyumbani mwao, haikuvuka kizingiti.

La tatu: ni nani ajuaye jambo hili? Sura ya An-Nisa, aya ya 83, yawalaumu watu ambao likiwajia jambo la amani au la khofu hulitangaza, na lau wangalilirudisha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka, wenye kuweza kulichungua wangalilijua. La maradhi lirudishwe kwa tabibu, la sheria kwa kadhi, na la dini kwa wanazuoni.

La nne: nikinyamaza, nitapungukiwa na nini? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yatosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alisikialo. Basi mwenye kunyamaza huwa amejiokoa na nusu ya uwongo wa mji.

Na palipo dhulma ya kweli, isemwe kwa jina lake, kwa dalili yake, mbele ya wenye kuhukumu. Kwani mwenye haki hahitaji mumiani. Na lile lisilojulikana, aliyeulizwa aseme, "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye." Neno hili lilisemwa na maimamu wakubwa wala halikuwapunguzia heshima, twaonaje sisi haya kulisema?

Ewe Mola wetu, tufundishe yatufaayo, utufae kwa uliyotufundisha, uzihifadhi ndimi zetu na damu za ndugu zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.