Maradhi ya Makovu ya Mapafu



Somo letu la mara hii ni la maradhi ya mapafu ambayo asili yake madaktari wenyewe hawajaijua. Aghalabu mgonjwa hudhaniwa ana pumu, kifua kikuu au uzee tu.

Ndani ya mapafu mna mamilioni ya vifuko vya hewa, vyenye kuta nyembamba mno. Hewa safi hupita katika kuta hizo ikaingia katika damu. Katika maradhi haya kuta hufanya makovu, zikawa nene na ngumu. Mtu avuta pumzi, lakini hewa haipenyi vizuri. Na kovu likishaingia haliondoki.

Maradhi huja polepole, khasa kwa mtu aliyepita miaka 50, na zaidi kwa mvuta sigara. Dalili zake ni kikohozi kikavu kisichokwisha, na pumzi kumwishia mtu akipanda kilima alichokizoea. Pengine ncha za vidole huvimba na kucha zikabenuka.

Sasa tushike jambo moja. Neno "asili haijulikani" si la kuanzia, ni la mwisho. Kabla ya kulisema, daktari hana budi aulize kwanza, maana makovu kama hayo huweza kuletwa na vumbi la mazao yaliyoota kuvu, kinyesi na manyoya ya ndege wa kufugwa, vumbi la asbesto, baadhi ya dawa, au maradhi ya viungo. Sababu ikijulikana mapema na mtu akaepukana nayo, huenda mapafu yakanusurika. Basi ukiulizwa, usijibu "mimi mkulima" ukanyamaza. Taja ghala, banda la njiwa, sigara na kila dawa unayokunywa.

Sababu isipopatikana, ziko dawa kama vile pirfenidoni na nintedanibu, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2014. Hupunguza mwendo wa maradhi, haziponyi. Bila ya dawa, wagonjwa wengi huishi miaka 3 hadi 5 tangu kugunduliwa. Kwa hiyo kuchelewa ni khasara.

Mwenye kikohozi kilichofika wiki 2 na apimwe kifua kikuu kwanza. Akiambiwa hanacho, na pumzi bado fupi, asirudi nyumbani akakaa kimya. Na arudi kwa daktari, aombe kifua chake kitazamwe tena.