Namna ya kuchora katika muze: somo la musalaba wa shaba



Muliniomba niandike kidogo juu ya masomo yangu ya kuchora. Mimi pia nilikaa kwenye banki hizo munazokalia leo, na sasa ninasoma sanaa. Sina mambo makubwa ya kuwaambia. Nitawaeleza jambo moja tu, nililojifunza kwa haya: kuchora kitu si kukikumbuka, ni kukitazama.

1. Kitu nilichofikiri ninakijua

Nani katika Lubumbashi asiyejua musalaba wa shaba, ile kruazeti? Iko kwenye vitambaa, iko kwenye kuta, iko kwenye vitu vinavyouzishwa kwa wageni. Bendera ya Katanga ya miaka 1960 mpaka 1963 ilikuwa na misalaba hiyo tatu.

Basi siku moja mwalimu wetu wa desen alituomba kila mutu achore kitu cha wazee wa inchi yetu. Mimi nikasema: kazi rahisi! Nikabaki nyumbani, nikachora kruazeti kwa dakika kumi, nikaipaka rangi nyekundu.

Mwalimu akaitazama, kisha akaniuliza:
— Mwanangu, kitu hiki kina uzito gani?
Nikanyamaza.
— Na mugongo wake uko namna gani?
Nikanyamaza tena.
— Basi haukuchora musalaba. Umechora herufi X.

Akaniandikia 4 ku 20. Wenzangu wakacheka sana. Lakini mimi sikucheka, maana desen ndiyo somo letu kubwa, na baba alikuwa amelipa minervali ya mwaka ule kwa taabu. Mwalimu akanipa mwezi mumoja wa kurudilia kazi.

2. Mbele ya kioo

Nikaenda kwenye Muze ya Taifa, pale katikati ya muji. Muze hiyo ilianzishwa mwaka 1946, na mutu aliyeianzisha ni Francis Cabu, aliyekuwa anachunguza vitu vya kale vinavyochimbuliwa katika udongo. Siku hizo iliitwa jina la mufalme Léopold II.

Siku ya kwanza nilifanya kosa lilelile. Katika saa moja nilichora vitu saba: mask, kiti, chungu, na vingine. Kufika nyumbani nikafungua kaye, nikaona sijui hata kimoja.

Siku ya pili nilisimama mbele ya musalaba moja tu. Mulinzi mumoja muzee akanitazama mda murefu, kisha akasema: "Wee mutoto, kutoka asubui uko pale pale. Sogea huku, uutazame kwa ubavu."

Nikasogea. Nikaona! Mikono mine ya musalaba haifanani: mumoja munene, mwingine umepinda kidogo. Upande mumoja kuna mustari ulioinuka katikati ya kila mukono, sawa mufupa wa mugongo. Upande mwingine ni bapa, tena una vishimo vidogo.

Sababu yake ni kazi ya wazee. Waliyeyusha mawe ya shaba katika tanuru la udongo, kisha wakamimina shaba ya moto katika kiolezo kisichokuwa na kifuniko. Upande wa chini ulichukua sura ya kiolezo, pamoja na ule mustari. Upande wa juu ulipoa katika hewa, ukabaki bapa. Kwa hiyo mugongo ule ambao sikuuchora ndio unaoonyesha namna kitu kilivyotengenezwa.

3. Ukubwa pia ni habari

Mara ya tatu nilipima. Unanyoosha mukono, unafunga jicho moja, unapima kwa kreyo: urefu wa mukono huu unaingia mara ngapi katika urefu wa kitu chote?

Musizarau kupima. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimbua makaburi mengi ya kale katika miaka 1957 na 1958. Ndani walikuta vyungu vizuri sana, mapambo, na misalaba ya shaba. Hakukuwa hata na andiko moja la kuwasaidia. Ilifaa kupima, kuchora na kulinganisha. Wachunguzi waliofuata waliona hivi: katika makaburi ya mbele, misalaba ni mikubwa na michache, imewekwa juu ya kifua. Katika makaburi ya nyuma ni midogo, mingi, inakaribia kufanana, na iko karibu na mikono na kiuno. Ndiyo sababu wanafikiri kwamba kitu cha heshima kiligeuka pole pole kuwa feza. Sasa mutu anayechora misalaba yote kwa ukubwa mumoja, si amefuta habari hiyo?

4. Usichukue mukono wa mutu mwingine

Tena katika mwaka ule wa 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua kwake, katika muji huu, nyumba ya kuchoria iliyoitwa Hangar. Hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa mistari mifupi mifupi. Bela alipaka rangi kwa vidole. Wote walikuwa pamoja, lakini kila mumoja alikuwa na mukono wake. Vivyo hivyo muze haitupe mukono. Inatusaidia kufungua macho.

5. Mashauri

— Omba ruhusa mbele ya kuanza.
— Chukua kreyo, gome na kaye. Wino na rangi viache nyumbani.
— Usiguse kitu, usiegemee kioo.
— Chagua kitu kimoja. Kichore mara tatu: kwa mbele, kwa ubavu, kwa juu.
— Andika chini ya mchoro: jina la kitu, mahali kilipotoka, kimetengenezwa na nini.

Vitu vingi vya inchi yetu viko mbali, kule Tervuren katika Ubelgiji. Hivi vilivyobaki hapa tunaweza kuvifikia kwa bisi, wengine kwa miguu. Ni haya kuvipita kila siku bila kuvitazama.

Mara ya ine nilimaliza. Mwalimu alikaa na mchoro wangu pasipo kusema kitu. Kisha akageuza karatasi, sawa mutu anayetafuta mugongo wa musalaba, akacheka. Akaniandikia 14. Akaongeza: "Bado uzito."

Zoezi: Chora bila kuangalia sufuria ya nyumbani kwenu. Kisha uiweke mbele yako, uichore tena. Hesabu makosa ya mchoro wa kwanza, uyalete kalasini.