Uhunzi Si Aibu: Somo Kuhusu Ubaguzi wa Nasaba

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, sisi tunaoishi Musoma, Bunda na Butiama huwasikia wazee wakiwataja Waturi. Hizi ni koo za wahunzi: wanaume walifua majembe na mikuki, wanawake walifinyanga vyungu. Mkulima alilihitaji jembe lao, lakini kuoana nao alikataa. Mtoto alizaliwa na daraja lake, akafa nalo.

Katika utawala, daraja za kuzaliwa zimepungua nguvu. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa utawala wa machifu. Aliyeiongoza ni Mwalimu Nyerere, naye alikuwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 nayo ilikataza vyama vya kikabila na vya kidini. Lakini posa ikiletwa nyumbani, swali la ukoo hurudi.

Je, Uislamu unasemaje?

Kwanza, Surat Al-Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kuwa makabila ni ya kujuana. Ubora ni kwa uchamungu.

Pili, Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma na Allah, akatengeneza deraya (Surat Sabaa, aya 10-11). Naye Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), alilelewa nyumbani kwa Abu Sayf, aliyekuwa mhunzi. Basi aibu iko wapi?

Tatu, Mtume (S.A.W.) alimshauri Fatima binti Qays, Mquraishi, aolewe na Usama bin Zayd, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Akakubali, akaona kheri.

Wapo wanaotoa hoja ya kufu. Ni kweli, wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wametaja nasaba na kazi. Lakini hiyo ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wanaweza kuisamehe. Ndoa haiharamiki kwa uhunzi.

Wazazi, anapokuja mposaji tuulize dini na tabia yake. Nanyi wanafunzi, msimkejeli mwenzenu kwa ukoo wake.

Maswali:
1. Kufu ni haki ya nani?
2. Taja Nabii aliyefanya kazi ya chuma.

Wabillahi tawfiq.